Rasimu ya mpango wa eneo la urithi: usome nini kabla ya kuipitisha

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati katika wilaya moja ya pwani ya kusini mwa Tanzania. Tuna magofu ya misikiti na majumba ya mawe, makaburi ya kale, mikoko, na mji wa karne ya 19 ambao nusu umebomoka lakini watu bado wanaishi humo. Inatakiwa eneo lote liwe na mpango mmoja wa usimamizi na uhifadhi. Mshauri mwelekezi ameleta rasimu nene yenye ramani na orodha ya miradi, nasi tunatakiwa kuipitisha. Wazee wa vijiji wanasema hawakuulizwa. Mimi ni mwalimu mstaafu, sikusomea mambo ya kale. Niangalie nini katika rasimu hiyo, na kazi yenyewe ianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, shikamoo.

Usijitoe kwenye kazi hii kwa sababu hukusomea magofu. Chukua rasimu na kalamu nyekundu, uisome kama ulivyokuwa ukisahihisha insha. Utakutana na sentensi za namna hii: "kuta zitaimarishwa", "jamii itashirikishwa", "mikoko itapandwa", "wageni wataelekezwa". Kila penye kauli ya kutendwa, andika pembeni: na nani? Kwa fedha ya fungu gani? Nani ana haki ya kukataa? Ukifika mwisho na pembeni pote pamejaa wino mwekundu, basi mlicholetewa ni orodha ya matarajio. Mpango wa usimamizi ni makubaliano baina ya watu wenye mamlaka tofauti juu ya eneo moja: katika jambo hili anaamua fulani, katika jambo lile fulani lazima aulizwe kwanza. Ramani, picha na sura ya historia huja kuyasaidia makubaliano hayo.

Nalishikilia hilo kwa sababu pwani yetu imerundika mamlaka nyingi mahali padogo. Simama ufukweni mbele ya gofu la msikiti wa kale, uhesabu. Gofu lenyewe linaangukia Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Mikoko iliyo mbele yake ni msitu wa hifadhi, msimamizi wake ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa bahari una masharti yake katika Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004. Shamba la minazi nyuma ya gofu ni ardhi ya kijiji, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 halmashauri ya kijiji ndiyo inayoisimamia kwa niaba ya wanakijiji. Pweza na changu wana ofisa uvuvi na BMU, kikundi cha wenyeji cha kusimamia uvuvi na ufukwe. Kaburi la sharifu lina jamaa zake wanaokuja kulisafisha. Sasa masika yamepiga, ukingo umemeguka, ukuta wa kibla unaning'inia. Nani anapigiwa simu, na nani ana ruhusa ya kuweka nguzo ya kuushikilia usiku huohuo bila kungoja barua kutoka Dodoma? Kama rasimu yenu haina jibu la swali hilo, ina upungufu hata ingekuwa na kurasa mia tatu.

Ndiyo maana kitu cha kwanza ambacho ningekiomba ni jedwali la mamlaka, linaloonyesha nani anaamua nini na mahali gani. Lenu mnaweza kulitengeneza wenyewe kwa siku mbili, mkikaa na mtendaji wa kata, ofisa ardhi, ofisa misitu, watu wa uvuvi, msimamizi wa kituo cha mambo ya kale na viongozi wa msikiti. Mtagundua mahali ambapo wawili wanadai haki moja, na mahali ambapo hakuna anayedai chochote. Hapo penye tupu ndipo uharibifu unapopita.

Mfano ulio jirani nanyi ni Kilwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Ni mahali pa uzito mkubwa: Msikiti Mkuu wenye kuba zake, Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mji ambao msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 akausifu. Jina kubwa halikuyazuia mawimbi. Mwaka 2004 UNESCO ikayaweka magofu hayo katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu bahari ilikuwa ikila ufukwe, maji ya mvua yakiingia ndani ya kuta, miti ikipasua mawe, na mipaka ya eneo na matumizi ya ardhi kulizunguka havikuwa vimewekwa sawasawa. Ilichukua miaka kumi kutoka humo, hadi 2014.

Watu wengi wakiisimulia habari hiyo husimulia mafundi na fedha za wafadhili. Kweli fedha zilikuja, na mafundi walifanya kazi nzuri. Lakini ukiangalia masharti yaliyotakiwa kutimizwa, sehemu kubwa ni mambo ya mezani na ya mkutano wa kijiji: mpango wa usimamizi, mipaka na eneo la kinga linaloyazunguka magofu, matumizi ya ardhi, na kamati za wenyeji wa visiwa vyenyewe. Vijana wa visiwani walifundishwa uashi wa chokaa. Kuta za kuzuia bahari zilijengwa na mikoko ikapandwa. Baadaye usimamizi wa kila siku ulikabidhiwa TAWA, mamlaka ya wanyamapori, huku sheria na utaalamu wa mambo ya kale vikibaki kwa Idara ya Mambo ya Kale. Hapo tena unaona ninachokisema: anayekata tiketi getini na anayeweza kusema "ukuta huu usiguswe" ni ofisi mbili, na bila maandishi ya wazi kati yao mwananchi atapigwa danadana.

Tuje kwenye mipaka, maana ramani za rasimu ndizo zinazowavutia wajumbe wengi na ndizo zenye mitego.

Mji wenu wa karne ya 19 nadhani unafanana na Kilwa Kivinje. Kivinje haimo katika urithi wa dunia, ingawa historia yake ni nzito: misafara ya watumwa na pembe, boma la Wajerumani, Mwembe Kinyonga walipowanyongea waliowapinga, kunyongwa kwa Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Muulize mzee wa Kivinje urithi wa Kilwa ni upi, ataanza na mwembe kabla ya Husuni. Na sheria nayo ina tundu hapo. Sheria ya 1964 inayatambua kama ya kale majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Milango ya kuchonga imewekewa mwaka wa mbele zaidi, 1940. Kwa hiyo inawezekana kabisa mlango ukawa na kinga na nyumba iliyoushika isiwe nayo! Nyumba ya ghorofa iliyojengwa na mfanyabiashara wa Kihindi mwaka 1890 inahitaji tangazo la waziri katika Gazeti la Serikali ili ipate kinga. Angalia kama mshauri ameorodhesha majengo ya mji wenu kwa umri na kwa mmiliki. Kama ameandika tu "mji mkongwe" na kuchora duara, hilo duara halina meno.

Mtego wa pili ni kuchora mpaka kuyazunguka mawe na kuacha nje yale yanayoyaweka hai. Mji wa kale wa Lamu ulioorodheshwa mwaka 2001 una hekta 16 tu, lakini maji yake ya kunywa yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, nje kabisa ya hekta hizo. Ukijenga hoteli juu ya mchanga ule umeuumiza mji bila kugusa nyumba hata moja. Kwenu jiulizeni vivyo hivyo. Mikoko ipi ikikatwa, wimbi litafika kwenye ukuta? Korongo lipi hubeba maji ya mvua hadi kwenye makaburi? Huko ndiko eneo la kinga liende, hata kama kwenye ramani halitakuwa na umbo zuri.

Na mtego wa tatu ni ukubwa. Eneo la michoro ya miambani ya Kondoa, lililoorodheshwa mwaka 2006, ni kilomita za mraba 2,336, ndani yake kuna vijiji, mashamba na masoko. Huwezi kulilinda eneo kama hilo kwa uzio na askari. Linalindwa kwa mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji, ile inayopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji kwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007. Kwa maoni yangu, kwa wilaya kama yenu hicho ndicho chombo chenye nguvu kuliko vyote, na washauri wengi hukipita kwa sababu ni cha polepole na hakipigi picha nzuri. Mpango wa urithi ambao haumo ndani ya mipango ya vijiji utakumbukwa siku ya kumleta mgeni tu. Mwenyekiti wa kijiji anapogawa kiwanja haendi kusoma mpango wa mshauri. Anaangalia ramani ya kijiji iliyo kabatini kwake.

Sasa wazee. Wamesema hawakuulizwa, na wana haki kukasirika, lakini haki yao isiishie kwenye kikao cha soda na posho ya nauli. Wanahitajika kwa kazi maalumu: kusema thamani ya eneo ni ipi. Mpango mzima unasimama juu ya hilo, kwa sababu ukishajua unalinda nini ndipo unapojua nini kiruhusiwe kubadilika. Mtaalamu atakwambia thamani ya msikiti ni umbo la kuba na vibla vya matumbawe. Mama anayeokota chaza pale chini atakwambia thamani yake ni kisima kilicho ubavuni, ambacho hakikauki kiangazi. Mwingine atasema ni mahali pa dua. Vyote viandikwe. Kule Kondoa, Mongomi wa Kolo ni mwamba wenye michoro na papo hapo ni mahali pa tambiko, na wenyeji wameendelea kwenda. Kwa mhifadhi aliyezoea kuona jiwe peke yake, pombe na damu ya tambiko ni uchafu juu ya kumbukumbu. Kwa mwenyeji, mwamba usioendewa umekufa. Mzozo wa namna hiyo hautatuliwi kwa kibao cha "Usiguse". Hukaa pande mbili zikaandika: lini, wapi, kwa kiasi gani, nani anasimamia.

Kwa namna ya kuwauliza, tembeeni nao. Kaa na wazee barazani watakusimulia masultani, tembea nao watakuonyesha mahali. Watengeeni wanawake siku yao, kwa sababu njia zao ni nyingine: kuni, chumvi, maji, kuokota pwani. Wavuvi wachukueni kwa mashua, maana majina ya miamba na minara waliyoitumia kuelekezea vyombo hayako kwenye karatasi yoyote.

Jambo moja hapo lichukulieni kwa uzito: si kila mnachoonyeshwa kiingie kwenye ramani ya kuchapishwa. Makaya ya Wamijikenda ya pwani ya Kenya, misitu mitakatifu iliyoorodheshwa mwaka 2008, yana sehemu ambazo wazee hawazionyeshi mtu. Wana sababu. Vigango, nguzo za ukumbusho wa marehemu wa Wamijikenda, viliibwa kwa miaka mingi vikauzwa hadi makumbusho ya Marekani, na kuvirudisha kumekuwa kazi ya miaka. Pwani yetu wapo wanaochimba makaburi kwa tamaa ya mali. Kwa hiyo muwe na ramani mbili, moja ya umma, nyingine ya kufungiwa, na andikeni nani ana ufunguo.

Kuhusu kuta zenyewe nitakuwa mrefu kidogo, kwa kuwa hapo ndipo nia njema huharibu zaidi.

Majengo ya kale ya pwani yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, paa likibebwa na boriti za mikoko. Jiwe la matumbawe lina vinyweleo, linanyonya unyevu na chumvi, na chokaa inauruhusu unyevu huo utoke. Ukipiga lipu ya saruji juu yake, maji yaliyoingia kwa nyuma au kutoka ardhini hayana pa kutokea. Chumvi inajikusanya na kuganda ndani ya jiwe, jiwe linageuka unga, na siku moja ile lipu ngumu inabanduka ikiwa imeshika uso wa ukuta. Kwa nje ukuta ulionekana mzima miaka yote hiyo. Kwa hiyo rasimu yoyote inayosema "ukarabati wa kuta" bila kutaja chokaa, mchanga wa wapi, na fundi aliyefunzwa kwa nani, irudishwe. Wakandarasi wa majengo ya shule ni watu hodari katika kazi yao, lakini zabuni ya magofu isiwafuate kwa bei ya chini tu.

Miti nayo. Mtu akiona mtini umeota juu ya ukuta, mkono unamwasha kuung'oa. Asiung'oe. Mizizi imeshajifunga na mawe, ukiivuta unashuka na ukuta. Shina hukatwa, kisiki kikauawa, kisha mizizi ikishaoza nafasi zake zinajazwa chokaa taratibu. Hata kifusi kilichorundikana chini ya ukuta msikisafishe kwa ajili ya sherehe ya ufunguzi. Mara nyingi ndicho kinachoushikilia, na ndani yake mna vigae na shanga ambavyo mchimbaji mwenye kibali angesoma navyo maisha ya nyumba nzima.

Halafu kuna suala la ukaguzi wa kila mara, ambalo halina mfadhili. Jumba la Beit al-Ajaib la Unguja liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, na watu wakafa. Lilikuwa jengo mashuhuri kuliko yote ya Mji Mkongwe, mji wenye mamlaka yake ya hifadhi tangu mwaka 1985 na uliokwisha orodheshwa mwaka 2000. Sehemu nyingine ya jumba hilohilo ilikuwa imekwisha kuanguka mwaka 2012. Jengo hutoa ishara kwa muda mrefu kabla ya kuanguka. Ninachokitafuta mimi katika bajeti ya mpango ni kitu kidogo: mtu wa kijijini mwenye simu yenye kamera, anayelipwa kila mwezi, anayepiga picha nyufa zilezile kutoka pale pale kabla na baada ya mvua, na mahali pa kuzipeleka picha hizo. Kama bajeti yenu ina jengo la kupokelea wageni la mamilioni na haina mtu huyo, ipangeni upya.

Na msisahau kwamba watu huchukua mawe ya magofu kwa sababu wanahitaji mawe. Msingi wa nyumba haujengwi kwa elimu ya uhifadhi. Onyesheni machimbo mbadala ndani ya mpango wa ardhi wa kijiji, muone kama wizi wa mawe utaendelea.

Fedha sitazungumza sana. Kiingilio cha wageni kwenye maeneo kama yenu hakitoshi kulipia hifadhi, na meli ya watalii inayotia nanga siku moja haiwezi kubeba mpango wa miaka kumi. Muhimu ni andiko la wazi la mgao: katika kila shilingi ya kiingilio, kijiji kinapata ngapi, lini, kwenye akaunti ipi, na nani anasoma hesabu hadharani. Mpango wa miaka kumi uwe na mpango-kazi wa mwaka mmojammoja ambao fedha zake zimo kwenye bajeti ya wilaya. Yasiyo na fungu yaandikwe hivyo, kwamba hayana fungu.

Kuna sura moja ambayo huwa haimo kabisa katika rasimu, nayo ni nini kitafanyika mradi mkubwa ukija: bandari, bomba, barabara, hoteli. Lamu ilikuwa na jina la dunia na mradi wa bandari ukaja vilevile. Wananchi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya kwa wavuvi wapatao 4,600, ikiona kwamba ushirikishwaji haukuwa wa kutosha na haki zao za utamaduni zilipuuzwa. Mwaka uliofuata baraza la rufaa la mazingira likafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa huko, tena kwa sababu ya ushirikishwaji. Ukisoma maamuzi hayo utaona jambo la manufaa kwenu: mihutasari ya mikutano na kumbukumbu za nani anavua wapi zina uzito kuliko malalamiko. Mpango wenu uandike mapema kwamba mradi wowote ndani ya eneo la kinga utafanyiwa tathmini ya athari kwa urithi kabla ya kibali, pamoja na ile ya mazingira, na kwamba vijiji vitapewa nakala ya Kiswahili.

Hilo la Kiswahili lianze na rasimu yenyewe. Kama imeletwa kwa Kiingereza, isipitishwe mpaka itafsiriwe na kusomwa katika mikutano mikuu ya vijiji vyote vinavyoguswa, wakati ambao wavuvi wako nchi kavu. Mihutasari iambatishwe, pamoja na yaliyokataliwa na sababu zake. Mwambieni mshauri kwa adabu kwamba ramani zake na picha zake mnazihitaji, na mnaomba alete jedwali la mamlaka, orodha ya majengo kwa umri na mmiliki, na mpango-kazi wa mwaka wa kwanza wenye majina ya vyeo. Miezi mitatu yatosha kwa hayo. Ukaguzi wa kuta usingoje: muombeni msimamizi wa kituo kibali, na fundi wa chokaa azipitie kabla ya masika ya Machi, aweke nguzo za muda palipo na hatari. Kinachohitaji saini za kamati nzima kinaweza kufuata baadaye.